Mfupa Kooni mwa Karani

Gitting,
kwa mkono wa Mzee Yahaya, dukani Katesh
20 Aprili 1975

Mdogo wangu Tadei,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana barua zako zote zinaanza na shikamoo na kumalizika na kuomba unga wa ngano. Unga haupo. Shemeji yako Eliakimu bado yuko Basotu na trekta lake, anakuja mara moja kwa mwezi akinuka dizeli, anawabeba watoto, analala, anaondoka. Mama mkwe ni mzima. Watoto wazima.

Kijiji chetu kipya kimenyooka kama mistari ya daftari. Nyumba na nyumba ni hatua kumi, nimezihesabu mwenyewe. Jirani wa kulia ni Natalia, yule aliyefiwa na mwanawe wa pekee mwezi wa pili. Wazee wamemweka metimani, atengwe na watu mpaka uchafu wa kifo umtoke, na mama mkwe wangu ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Hampi mtu mkono, hakanyagi ua wa mwingine, maji anachota kule chini baada ya wenzake wote kuondoka. Kule mlimani tulikohamishwa nyumba zilikuwa mbali, mtu akikaa pembeni hakuna aliyemtazama akiwa pembeni. Hapa namwona kila ninapofungua mlango, na tunajifanya hatuonani. Inanichosha roho.

Lakini leo naandika juu ya Karani. Ndiyo, mbwa wako, uliyemleta ndani ya koti akiwa hajafumbua macho sawasawa, ukampa jina hilo kwa sababu alikaa mlangoni akimkagua kila anayeingia. Balozi wetu wa nyumba kumi, Joakimu, amepita na karatasi. Mwezi ujao mbwa wote wapelekwe shuleni wakiwa na kamba, wachanjwe. Atakayeonekana anazurura atapigwa risasi. Ndivyo karatasi inavyosema. Watu wanasema vingine: kwamba chanjo ni maneno tu, wakishakusanyika wote wanapigwa risasi, wenye kamba na wasio na kamba.

Wewe ndiye unayesomea mifugo. Niambie, nimpeleke au nisimpeleke? Naogopa, Tadei. Usinicheke.

Dada yako,
Getruda


Chuoni, Mpwapwa
4 Mei 1975

Dada Getruda,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia.

Sikucheki. Nilipokuwa msaidizi wa mifugo kule kijijini Daudi kabla ya kuja huku, niliona shimo la mbwa waliopigwa risasi. Baadhi yao walikuwa na kamba shingoni. Walikuwa wamewatoroka wenyewe kwenye msongamano, na mpiga bunduki hakuwa na muda wa kuuliza nani ni wa nani. Karani ana woga wa watu wengi, unamjua. Akisikia mlio wa kwanza atakata kamba, na wa pili utakuwa wake.

Sikia. Mrudishe kule mlimani kwenye boma letu la zamani. Mfunge kwenye nguzo ya zizi, mpelekee ugali na maji kila baada ya siku mbili. Mimi namaliza hapa mwezi wa tisa. Nitakuja na sindano yangu mwenyewe nimchanje kwa mkono wangu, na hakuna atakayejua. Balozi akiuliza, mwambie amepotea.

Mambo mengine ni mazuri. Tunajifunza magonjwa ya ng'ombe tu mpaka sasa. Mbwa wapo mwishoni mwa daftari.

Ndimi mdogo wako,
Tadei


Gitting
24 Juni 1975

Mdogo wangu Tadei,

Nilifanya ulivyosema. Siku ya chanjo Karani alikuwa mlimani, na mimi nikamtazama balozi Joakimu machoni nikasema mbwa amepotea. Uongo ule bado unaniwasha. Halafu mbwa walichanjwa kweli, Tadei. Waliokwenda na wenyewe wote walirudi wakitikisa mikia. Waliopigwa risasi ni watatu tu, wasio na mtu.

Nilijiambia basi, Septemba si mbali. Kila baada ya siku mbili nikapanda na kibuyu cha maji na ugali. Mwisho wa mwezi wa tano nilimkuta na jeraha sikioni na kamba imemzunguka nguzo. Mbweha walikuwa wamemwingilia usiku, nyayo zao zilijaa pale, naye amefungwa hawezi hata kukimbia. Nikapaka majivu, jeraha likafunga vizuri.

Sasa juzi, Jumapili, amerudi mwenyewe. Alikuwa ametafuna kamba. Alisimama mlangoni, si kwa kukagua, alisimama tu kama mgeni aliyekosea nyumba. Watoto walimkimbilia, akanguruma, nao wakakimbilia ndani kwa bibi yao. Hajawahi kuwangurumia. Nikaona mate yanamtiririka na taya la chini limelegea. Nikamwekea maji. Aliyataka, aliingiza mdomo mzima, lakini hayakupita, akawa anakabwa na kukohoa kwa sauti ya kukwaruza ambayo si yake.

Nikajua ni mfupa. Huko njiani ameokota mfupa, umekwama kooni. Nilimsikitikia mpaka machozi. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, nikapapasa pande zote. Sikuupata. Meno yalinikwaruza vidole, si sana, na mkono wangu wa kulia una nyufa za jembe kama kawaida. Nadhani mfupa umeshuka chini zaidi. Nimemfunga chini ya ghala, amelala, hali chochote.

Niambie nifanye nini ili mfupa utoke. Mafuta ya kula yatasaidia?

Dada yako,
Getruda


TELEGRAMU
Mpwapwa, 5 Julai 1975
KWA YAHAYA DUKANI KATESH MPE GETRUDA GITTING LEO HII. SI MFUPA. NI KICHAA CHA MBWA. ENDA HAYDOM HOSPITALI USINGOJE. MBWA ASIGUSWE NA MTU. TADEI


Chuoni, Mpwapwa
5 Julai 1975

Dada yangu,

Nimetuma telegramu asubuhi hii. Barua hii inaifuata, nayo nimemwandikia Mzee Yahaya kwamba kama umeshakwenda Haydom aikabidhi kwa dereva wa basi. Naandika haraka, unisamehe mwandiko.

Hakuna mfupa. Hakuwahi kuwa na mfupa. Taya kulegea, mate, sauti kubadilika, kutaka maji na kushindwa kuyameza: tulifika kwenye ukurasa huo wiki iliyopita, na nilipoifungua barua yako jana niliona ukurasa mzima umeandikwa kwa mkono wako. Mwalimu alituambia watu wengi huumia hivyohivyo. Wanamwonea mbwa huruma, wanadhani amekabwa, wanaingiza mkono. Ugonjwa uko kwenye mate, na nyufa za jembe zinautosha.

Lazima nikueleze wazi kwa sababu ukijua kidogo hutakwenda. Ugonjwa huu unakaa mwilini kimya, wiki, miezi, mtu analima na kucheka. Siku ukianza, mgonjwa anashindwa kumeza maji, anayaogopa hata akiyaona kwenye kikombe. Akifika hapo hakuna dawa, dada. Si Haydom, si Dar es Salaam, si Ulaya. Sindano zinafaa kabla ya hapo tu. Ni kumi na nne, moja kila siku, tumboni. Zinauma. Usikose hata moja.

Osha mkono kwa sabuni, sugua hata kama ngozi inachubuka. Karani atakuwa ameshakufa utakaposoma hii. Azikwe shimo refu, na kamba yake ichomwe.

Na mimi ndiye niliyekuambia umfiche. Wenye kamba walirudi nyumbani na chanjo, na wa kwetu nilimfungia mbweha kwenye nguzo. Nitaishi na hilo. Wewe uishi kwanza.

Swali moja, na unijibu ukweli wote. Nimekwishafungua midomo ya mbwa hapa. Mkono wa kutafuta ni mmoja, na taya ni mbili. Mtu mmoja hawezi kupanua taya na kupapasa koo la mbwa mkubwa. Nani alikushikia? Kama ni mmoja wa watoto, sema sasa. Siku zinahesabika kwake pia.

Tadei


Haydom, wodini
15 Julai 1975

Mdogo wangu,

Dereva amenipa barua yako leo mchana. Mpaka leo nimechomwa nane. Nilifika tarehe nane, siku moja baada ya Mzee Yahaya kuja mwenyewe mpaka Gitting na telegramu yako mkononi. Hakukaa hata chai.

Tumbo langu limekuwa gumu, na kila sindano wanaitafutia mahali pengine papya. Muuguzi anaitwa Mwamvita, anatoka Tabora, ananitania kwamba nikimaliza nitavuja maji nikinywa. Nilicheka, kisha usiku nikaamka nikanywa kikombe kizima gizani kuona kama yatapita. Yalipita. Nikanywa cha pili. Naogopa mpaka naona haya kukuandikia. Kila nikimeza mate nasikiliza.

Karani alikufa siku ya tatu baada ya barua yangu. Balozi Joakimu alimzika, shimo refu kama ulivyosema, ingawa alikuwa hajakusoma. Hakunigombeza juu ya uongo. Alisema tu, "Mama, kama ulikuwa unaogopa ungeniambia, ningemshika kamba mimi." Ningependa angenitukana.

Juu ya swali lako. Watoto hawakumgusa, naapa. Nilimbana Karani kwa magoti na kiwiko. Nilikuwa peke yangu. Usiniulize tena, barua hizi zinapita mikono mingi.

Getruda


Chuoni, Mpwapwa
28 Julai 1975

Dada,

Sikupata usingizi na maneno yako ya magoti na kiwiko. Nilikwenda kwenye banda, nikajaribu na mbwa mzima mpole, magoti na kiwiko. Sikuweza, na mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na sita. Basi nikatuma telegramu hospitali kuuliza hali yako. Majibu yao ya tarehe kumi na tisa yamenifikia juzi. Wanasema uliondoka wodini jioni ya tarehe kumi na tano bila ruhusa, umechomwa nane, na mpaka siku waliyonijibu ulikuwa hujaonekana.

Tarehe kumi na tano ndiyo siku uliyoniandikia! Uliweka kalamu chini ukatoka?

Umekimbia sindano. Najua zinauma, Getruda, lakini ni sita tu zilizobaki. Sita! Nina hasira mpaka meno yananiuma, na chini ya hasira nina hofu tu. Ninakuota umekaa mlangoni kwa mama mkwe na kikombe mbele yako. Kila asubuhi naangalia maji ya kunawa, nawaza, leo ameamkaje.

Nimeomba ruhusa ya kuja, nimenyimwa mpaka mitihani iishe. Nimeandika barua tatu, hii ni ya nne, nyingine nimezichana. Rudi Haydom. Kama huna nauli mwambie Mzee Yahaya ni mimi niliyesema. Kama uko hai na una akili zako, andika neno moja tu.

Na aliyekushikia, kama yupo, wewe unamjua. Kama atakufa kwa sababu ulinificha jina lake, sitakuwa na la kukuambia tena.

Tadei


Gitting
14 Septemba 1975

Ndugu Tadei,

Salamu. Hunijui kwa mwandiko kwa sababu hii ni barua yangu ya kwanza. Mimi ni Natalia, jirani wa dada yako, nyumba ya kulia. Kusoma nilijifunza darasa la watu wazima kabla ya msiba. Baada ya msiba sikuruhusiwa kukaa darasani, lakini herufi hazikuondoka.

Barua yako ya mwezi wa saba ilifika. Getruda aliisoma akaiweka chini ya kitanda. Nilimwambia ajibu, akasema hajui aanzie wapi, amekudanganya. Basi naanza mimi.

Mimi ndiye niliyeshika taya.

Jumapili ile nilikuwa uani kwangu nikamsikia mbwa anakabwa na Getruda analia. Nilisimama kwenye mpaka. Sikuwa nimekanyaga ua wa mtu tangu mwezi wa pili. Ndugu, ukikaa miezi minne hakuna anayekugusa, unafika mahali hata mikono yako unaiona si ya kitu. Nilivuka. Nilipanua taya kwa mikono miwili, yeye akapapasa. Jino likaingia kwenye dole gumba langu. Tukamaliza, nikarudi kwangu, tukakubaliana haikutokea. Angesema, wazee wangesema nimepeleka kifo kwenye nyumba yenye watoto.

Telegramu ilipokuja aliondoka haraka, mama mkwe akiwa amesimama pale. Hakupata nafasi ya kuniambia. Mimi nilisikia watu wanasema dada yako amekwenda kuchanjwa kwa ajili ya mbwa. Sikuelewa kuwa na mimi nahusika.

Halafu tarehe kumi na saba mwezi wa saba nilimwona anakuja amejishika tumbo, amejikunja. Hakuingia kwake. Alivuka mpaka akaja mlangoni kwangu mchana watu wakitazama. Alisema, "Natalia, lete dole gumba." Akaliangalia. Akanisomea barua yako yote, ile ya maji na kikombe. Alisema, "Nimemwandikia Tadei sikuwa na mtu, kwa sababu dereva anasoma na karani wa kijiji anasoma. Lakini nimekuja kukuchukua."

Nilikataa. Nilimwambia ukweli, kwamba tangu mwanangu afe sikuona sababu ya kuogopa kifo. Nilimwambia arudi kwenye sindano zake, mimi nikifa nani atapungukiwa. Akaanza kunigombeza. Yule dada yako ana mdomo. Aliniita majina ambayo siwezi kuandika. Mwisho alikaa chini kwenye vumbi langu akasema haondoki, na kila siku anayokaa ni sindano moja anaikosa, nihesabu mwenyewe. Nikahesabu mpaka jioni. Asubuhi tukaondoka.

Basi lisingenichukua, wote wanajua niko metimani. Tulitembea siku tatu, tukapita Basotu kwa pembeni. Siku ya pili alipata homa kidogo, tukatazamana, tukaendelea kutembea. Tulifika mchana wa tarehe ishirini. Mwamvita aligomba, akalia, akagomba tena. Kwa kuwa Getruda alikatiza, walisema aanze upya kutoka moja. Amechomwa ishirini na mbili, ndugu. Mimi kumi na nne, lakini nilianza wiki nne baada ya jino. Daktari hakunificha. Alisema ningekuja mapema ingekuwa bora, na sasa tusubiri, labda mwaka mzima. Wodini walitulaza kitanda na kitanda. Hakuna aliyeniuliza nimefiwa na nani, Mwamvita akanishika mkono kila siku kunichoma, na hilo ndilo lililonitoa machozi, si sindano.

Tangu turudi tuna desturi yetu. Kila asubuhi anakuja kwenye mpaka na kikombe kimoja, kikombe changu cha bati. Mimi nakunywa yeye akitazama. Yeye anakunywa mimi nikitazama. Kisha tunakwenda shamba.

Jumanne iliyopita hakuja. Nikasubiri mpaka jua limepanda. Nikavuka mwenyewe. Alikuwa amelala amegeukia ukuta. Nikampa kikombe, akakisukuma. Akasema, "Yatoe." Sauti ilikuwa imekauka, inakwaruza. Ndugu Tadei, ilikuwa sauti ile ya Karani. Nilikaa chini na kikombe mapajani. Sikupiga kelele kwa sababu ya watoto. Nilikaa hivyo mpaka saa tisa mchana, kila nikikisogeza anageuza uso, na kila akigeuza uso naona ni mimi niliyemuua, yeye na sindano zake sita alizoziacha kwa ajili yangu.

Mama mkwe akaingia. Alinikuta ndani ya nyumba yake, nikiwa bado metimani, kikombe changu mkononi. Nilidhani atanitoa kwa fimbo. Akauliza, "Amekunywa?" Nikatikisa kichwa. Kisha akachukua kikombe kile mkononi mwangu, kidole chake kikagusa changu, akanywa nusu. Akajifuta mdomo. Akamwambia Getruda, "Mimi nimekunywa kwa huyu. Na wewe kunywa."

Getruda akageuka. Akashika kikombe kwa mikono miwili. Alimeza kidogo, uso ukakunjamana, akasema koo linamuuma vibaya sana. Akameza tena. Akamaliza. Mama mkwe akamfungua mdomo mbele ya dirisha, kukawa kumevimba pande mbili, kwekundu, koo la mafua tu. Watoto nao wanalo, wamepona juzi. Getruda alikuwa anajua ni mafua au hajui, sijamwuliza mpaka leo. Nadhani alikuwa anaogopa kujaribu akashindwa. Sisi watatu tulikaa sakafuni tukalia kwa sauti, watoto wakaja kutazama.

Wazee wamesikia. Bado wanakaa vikao juu yangu. Mama mkwe anakwenda huko kila siku kuwajibu, na nasikia na yeye ana mdomo.

Sasa sikiliza kazi yako. Balozi Joakimu amezunguka nyumba zote. Mbwa waliofichwa siku ile ya chanjo hawakuwa Karani peke yake. Wamekuwa kumi na saba, wengine mlimani, mmoja ndani ya pipa. Wenyewe wamewaleta. Wote wamefungwa kwa kamba nyumbani kwao, wana maji, wana kivuli, na watoto wamekatazwa kuwagusa mpaka uje. Balozi ameandika majina ya mbwa na ya wenyewe, na hakuna atakayepigwa risasi, amesema atasimama yeye mbele. Mitihani ikiisha, uje na sindano mchana, kwa njia kubwa, kila mtu akuone.

Getruda anasema hana unga wa ngano na usimwandikie maneno makali tena. Anasema pia anakuamkia yeye leo, kwa makosa yake, shikamoo. Nimemwambia haiwezekani, amenilazimisha niandike.

Asubuhi ya leo tumekunywa wote wawili. Yamepita.

Mimi,
Natalia